Kupumzika Njiani Nako ni Imani

Somo: Ezra 8:15–32, 1 Wafalme 19:4–8

Disemba inakaribia, na wengi wetu tuna watoto na ndugu watakaotoka Nairobi kuja nyumbani hapa Kenyenya. Tutawaombea safari njema, na ni vizuri. Lakini Neno linatuonyesha kwamba maombi ya safari hayaishii kwenye Amina.

1. Ezra aliomba, tena akasimama

Ezra aliongoza watu kutoka Babeli hadi Yerusalemu, safari ya miezi 4. Walikuwa na watoto na mali, na njiani kulikuwa na maadui. Aliona haya kumwomba mfalme askari, kwa kuwa alikuwa ameshamshuhudia kwamba Mungu huwalinda watu wake. Hiyo si imani ndogo.

Lakini angalia mstari wa 15. Walipiga kambi siku 3 kando ya mto. Ezra akawakagua watu, akaona Walawi hawapo, akatuma waitwe. Wakafunga na kuomba. Akapima fedha na dhahabu, ndipo wakaondoka. Walipofika, mstari wa 32, walipumzika siku 3 nyingine. Mtu aliyekataa askari hakukataa kupumzika!

2. Usingizi si pepo

Barabara ya Nairobi, Narok, Kisii naijua kwa usukani. Hadi Kisii mjini ni kama kilomita 300, na bado hujafika Kenyenya. Ukiteremka Mai Mahiu uko macho, maana kona na malori hayakuachi usinzie. Hatari inakuja ukishapita Narok. Barabara inanyooka katikati ya mashamba ya ngano, jua linawaka, abiria wamelala, na kichwa kinaanza kuinama.

Safari moja tulikuwa watano, tunawahi mazishi ya baba mdogo. Tulitoka alfajiri baada ya siku nyingi za mikutano ya matanga. Kufika Mulot, macho yangu yakaanza kufunga. Shangazi akasema, "Kemea hilo pepo la usingizi, mwanangu. Tuimbe, tutafika." Tukaimba vizuri sana, lakini macho hayakusikia. Bomet nikaegesha kwenye kituo cha mafuta, nikalaza kiti, nikalala nusu saa, kisha nikanywa chai ya rangi.

Tulipofika Kenyenya, udongo ulikuwa umesharudishwa kaburini. Shangazi hakumwona ndugu yake mara ya mwisho. Aliniambia mbele ya watu, "Umeninyima ndugu yangu." Sina jibu la kumwondolea uchungu huo, na siwezi kusema ulikuwa mdogo. Ninachojua ni kwamba tulikuwa watano ndani ya gari, na siku ile boma letu lilikuwa na kaburi moja.

Eliya alipochoka akalala chini ya mti, malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Mungu anaujua mwili alioumba. Eutiko alizidiwa na usingizi Paulo mwenyewe akihubiri, akaanguka kutoka orofa ya tatu (Matendo 20:9). Mungu alimfufua, lakini hilo halimpi mtu ruhusa ya kusinzia dirishani. Shetani alipomwambia Yesu ajitupe chini kwa kuwa malaika watamdaka, Yesu alikataa kumjaribu Mungu.

Tena piga hesabu. Gari la kilomita 100 kwa saa, dereva akisinzia sekunde 4 tu, linapita zaidi ya mita 110. Huo ni urefu wa uwanja wa mpira, na hakuna anayeliongoza.

3. Tufanye nini?

- Dereva alale usiku wa kuamkia safari. Kufungua dirisha na kuweka muziki kunasaidia kwa muda mfupi tu. Ukisinzia, simama mahali salama ulale hata dakika 20.
- Kama mko madereva wawili, pokezaneni.
- Ukiwa kwenye matatu na uone dere anasinzia, sema. Usiogope kuitwa mwenye maneno. Hata sheria haimruhusu kuendesha zaidi ya saa 8 kwa siku.
- Sisi wa nyumbani tuache kupiga simu kila dakika, "Mmefika wapi?" Na kamati za mazishi zipange saa ambayo watu wa mbali wanaweza kuifikia bila kukimbizana na kifo. Tukiweza kuwangoja wageni wa heshima, tunaweza kumngoja shangazi.

Maswali ya kikundi

Je, ni haraka gani ya familia yako inayomsukuma dereva? Nani ana uwezo wa kuiondoa?

Ombi

Baba, walinde watoto wetu barabarani. Wape madereva unyenyekevu wa kusimama, na sisi tunaowangoja utupe subira. Kwa jina la Yesu, Amina.