Presha Inayopanda na Kushuka: Funzo Kutoka Jeshini

Ukimwona askari akikimbia na mzigo mgongoni, si rahisi kumdhania kuwa ana shinikizo la damu. Ni kijana, ana nguvu, hana kitambi. Lakini presha inapoanza kwa kawaida haina dalili. Mtu hukaa nayo miaka bila kujua, mpaka kiharusi kimwangushe au figo zishindwe kufanya kazi. Ndiyo maana jeshini askari hupimwa hata kama hajasema kuwa anaumwa.

Katika jeshi la Marekani maafisa walikuwa wakichunguzwa afya kila mwaka, na majibu kuhifadhiwa. Mwaka 1944 madaktari Robert Levy, Charles Hillman, William Stroud na Paul White walichapisha matokeo ya kupitia majalada ya maafisa 22,741. Walitaka kujua jambo moja ambalo hata leo huulizwa majumbani: mtu aliyekutwa na presha ya juu, kisha akapimwa tena ikaonekana imeshuka, je, huyo ni mzima? Ilikuwa rahisi kusema ndiyo, kwamba alikuwa na wasiwasi tu wa kumwona daktari. Na ni kweli, wasiwasi hupandisha presha.

Majalada yalionyesha vingine. Maafisa waliowahi kupandwa na presha ya kupita walipata presha ya kudumu baadaye kwa wingi zaidi kuliko wenzao, na maradhi ya moyo na figo pia yaliwapata zaidi. Si kwamba kila mmoja aliugua, la. Ila kile kipimo kilichopuuzwa kilikuwa kengele, na kisingejulikana kuwa kengele kama kisingeandikwa.

Mwaka huohuo, mwezi Machi, amiri jeshi mkuu wa maafisa hao, Rais Franklin Roosevelt, alipimwa na daktari wa moyo wa jeshi la majini, Howard Bruenn, akakutwa na 186 kwa 108. Dawa nzuri za kushusha presha hazikuwapo wakati huo, hata kwa rais. Alifariki tarehe 12 Aprili 1945 kwa kuvuja damu kwenye ubongo. Leo dawa hizo zipo hata katika zahanati nyingi za kawaida.

Sasa tuje nyumbani kwako. Mara nyingi anayepimwa ni bibi au babu, na vijana wa kiume hawapimwi kabisa kwa kuwa wanaonekana wazima kama wale maafisa. Wapime. Anayepimwa asinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla, aende haja ndogo kwanza, kisha akae dakika tano ameegemea kiti, miguu chini, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo. Asizungumze. Mkanda wa mashine usifungwe juu ya nguo, na usiwe mdogo kwa mkono mnene, maana utatoa kipimo cha uongo. Pima mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati.

Hospitalini, 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti huhesabiwa kuwa ni presha. Kwa kipimo cha nyumbani, hata 135 kwa 85 ni juu. Madaktari wa Marekani tangu mwaka 2017 wanaanzia 130 kwa 80. Likitokea 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua, ganzi upande mmoja au ulimi kuwa mzito, usingoje kesho, nenda hospitali.

Kila kipimo kiandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe, hata kile kilichoshuka chenyewe. Ukienda kwa daktari usimwambie tu kuwa “ilipanda kidogo ikashuka.” Mpe daftari alisome.