Mji hauombi peke yake: somo kutoka Ulaya

Ndugu viongozi na jamaa mliohamishwa na vita,

Umoja wa Ulaya una programu ya utafiti iitwayo Horizon Europe (2021-2027), yenye zaidi ya euro bilioni 90. Serikali za miji na majimbo nazo huomba. Kwa kawaida mradi wa ushirikiano hudai washirika watatu au zaidi, kutoka nchi tatu mbalimbali: kwa mfano mji, chuo kikuu na shirika. Kazi na fedha za kila mshirika huandikwa katika mkataba. Hivyo mji hauchunguzwi tu. Nao hushiriki kupanga maswali.

Nasi watafiti wakifika kambini, kamati iulize mapema: Maswali haya yamepangwa na nani? Sisi tuna kazi gani? Majibu yatarudi kwetu lini?