SOMO KWA VIKUNDI VYA KUJIFUNZA: FEDHA YA MWANAFUNZI WA CHUO KIKUU NA JINSI YA KUIGAWANYA

Madhumuni ya somo

Somo hili limekusudiwa kusomwa katika vikundi vya wanachama ambao watoto wao wamo vyuoni au wanakaribia kuingia. Baada ya kulisoma na kulijadili, mwanachama aweze:

(a) kueleza kwa nini fedha inayopokewa kwa mkupuo huisha kabla ya wakati wake;
(b) kumwongoza kijana kutengeneza bajeti ya siku 60;
(c) kupanga, pamoja na chama chake, njia ya kumsaidia mwanafunzi bila kuuza mali ya nyumbani.

1. Mabadiliko yaliyotokea

Chuo kikuu kilipoanza mjini Dar es Salaam mwaka 1961, kilikuwa na wanafunzi 14 tu, wote wakisoma sheria. Katika miaka iliyofuata Serikali ilibeba sehemu kubwa ya gharama za wanafunzi. Mwanafunzi alilala bwenini na kula katika bwalo la chuo, na swali la chakula cha kesho halikumsumbua sana. Mnamo mwanzo wa miaka ya 1990 utaratibu wa kuchangia gharama ulianza kutumika, na kwa sheria ya mwaka 2004 ikaundwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu.

Chini ya utaratibu wa Bodi, mwanafunzi mwenye sifa hupewa fedha ya chakula na malazi mkononi mwake. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2022/2023 kiwango cha fedha hiyo kilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku. Lakini hailipwi kila siku. Hulipwa kwa awamu, na kila awamu ni ya majuma kadhaa. Wanafunzi wenyewe huiita bumu. Kadhalika si kila mwanafunzi hupata mkopo, na wako ambao hutegemea kikapu cha nyumbani peke yake.

Hivyo kijana wa miaka 19 au 20, ambaye hadi jana alikuwa akipewa nauli na mama yake, siku moja hujikuta na laki sita katika akaunti. Hapo ndipo somo hili linapoanzia.

2. Mkupuo si utajiri

Mkulima wa kahawa, pamba au korosho anaijua hali hii kuliko mtu mwingine yeyote. Msimu ukifika hupokea malipo ya awali, na baadaye malipo ya pili kama yapo. Siku ya malipo mji huchangamka, madeni hulipwa, nguo hununuliwa, na wageni huongezeka. Miezi minne baadaye nyumba ile ile hukopa unga dukani. Aghalabu si kwamba mapato yalikuwa madogo mno kwa mwaka. Ni kwamba yalitumiwa kama mapato ya mwezi mmoja.

Mwanafunzi naye ni mkulima wa aina hiyo. Kosa lake la kwanza si anasa. Ni kutazama jumla ya fedha badala ya idadi ya siku ambazo fedha hiyo lazima izivuke. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya bajeti ni hii: fedha ya mkupuo igawanywe kwa siku kabla ya kutumiwa hata shilingi moja. Aliye na shilingi 600,000 kwa siku 60 hana laki sita. Ana shilingi 10,000 kwa siku, na humo mna pango, nauli, sabuni na karatasi.

3. Mfano wa bajeti ya siku 60

Na uchukuliwe mfano wa mwanafunzi aliyepokea shilingi 600,000 kwa siku 60, anayeishi nje ya chuo na kushirikiana chumba na mwenzake. Mgawanyo wake waweza kuwa hivi:

Akiba ya kutoguswa: Shs. 60,000/=
Pango la miezi miwili, sehemu yake: Shs. 80,000/=
Chakula, Shs. 4,500/= kwa siku: Shs. 270,000/=
Nauli, Shs. 1,200/= kwa siku 45: Shs. 54,000/=
Kutoa nakala, kalamu na karatasi: Shs. 30,000/=
Simu na intaneti: Shs. 30,000/=
Sabuni, dawa ya meno na mahitaji ya mwili: Shs. 25,000/=
Maji na umeme: Shs. 16,000/=
Dharura, kama ugonjwa: Shs. 35,000/=
JUMLA: Shs. 600,000/=

Bei hizi ni za mfano tu. Kila mji una bei zake. Kinachofaa kushikwa ni mpangilio. Akiba imeandikwa juu, si chini, kwa sababu akiba inayosubiri masalio haipatikani kamwe. Pango linafuata, maana linalipwa kwa mara moja na halina mjadala. Fedha ya chakula imeandikwa kwa kiwango cha siku, ili mwenye nayo ajue kila jioni kama amevuka mpaka. Na dharura imetengwa mbali na akiba, ili homa ya siku mbili isile kinga ya miezi miwili.

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la mwanafunzi halihitaji kuwa kubwa. Nguzo tatu zatosha: tarehe, matumizi na kilichobaki. Kila Jumapili alinganishe kilichobaki na siku zilizobaki. Akiona fedha imetangulia siku, apunguze juma linalofuata, asingoje mwisho.

4. Chakula ndicho kinachoamua

Katika bajeti iliyotolewa, chakula kimechukua karibu nusu ya fedha yote. Kwa hiyo hapo ndipo penye kuokoka na penye kuanguka.

Iwapo mwanafunzi yule atakula milo yote kwa mama lishe, na kutumia shilingi 1,500 asubuhi, 2,500 mchana na 2,500 usiku, jumla yake ni shilingi 6,500 kwa siku. Hakuna mlo hata mmoja hapo unaoweza kuitwa wa kifahari. Hata hivyo shilingi 270,000 zitamlisha siku 41 tu. Zitabaki siku 19 na shilingi 3,500 mfukoni, na siku hizo aghalabu ndizo za mazoezi ya mwisho na mitihani. Mwanafunzi aliyeshinda na chai kavu haandiki mtihani kama aliyekula.

Wawili wanaopika pamoja huwa na shilingi 9,000 kwa siku. Wakinunua mchele, unga, maharage na mafuta ya kula kwa wingi mara baada ya kupokea fedha, bei ya kila mlo hushuka, na zaidi ya hayo chakula cha majuma mengi huwa kimekwisha kulipiwa kabla ya vishawishi kuja. Gunia dogo la mchele chini ya kitanda ni akiba isiyoweza kukopeshwa rafiki kwa siku moja na kurudishwa kwa miezi miwili. Mkulima hulijua jambo hili kwa ghala lake: chakula huwekwa kwanza, ziada ndiyo huuzwa.

5. Akiba ni siku za kuishi

Shilingi 60,000 zilizowekwa kama akiba zaweza kuonekana kidogo. Lakini zikigawanywa kwa shilingi 4,500 za chakula, ni siku 13. Malipo yakichelewa kwa majuma mawili, aliyeweka akiba atakula kwa karibu muda wote huo, na asiyeweka atakopa. Vijana wengi huacha kuweka akiba kwa kudhani kwamba akiba ni ya kununulia kitu kikubwa. Kwa mwanafunzi, akiba ni siku za kuishi zilizonunuliwa mapema.

Mahali pa kuiweka pawe pagumu kufikia. Kibubu chafaa kwa sarafu, bali si kwa fedha ya miezi. Akaunti ya simu ni nyepesi mno, kwa kuwa fedha hutoka kwa kubonyeza tarakimu chache. Yafaa zaidi akaunti ya benki isiyo na kadi, au chama cha akiba na mikopo. Upatu wa wenzake chumbani waweza kusaidia, mradi zamu ziandikwe na wote wawe watu wanaoaminiana.

Asiye na akiba huangukia mikopo ya haraka, ile ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Akikopa shilingi 50,000 kwa mwezi mmoja kwa riba ya asilimia 20, atarudisha shilingi 60,000. Shilingi 10,000 za riba ni zaidi ya chakula cha siku mbili, na zitatolewa katika awamu inayofuata. Awamu hiyo nayo itapungua, atakopa tena, na bandu bandu huisha gogo.

Ikumbukwe pia kwamba fedha ya Bodi yenyewe ni deni. Mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi deni liishe. Kiwango hicho kiliwekwa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016. Kila shilingi iliyopotea chuoni italipwa kwa jasho la baadaye.

6. Ombi kutoka nyumbani

Hapa pana jambo ambalo wazazi hawalisemi mkutanoni. Habari za bumu hufika kijijini upesi. Mdogo wake hana sare, bati limevuja, shangazi amelazwa. Kijana mwenye moyo hupeleka shilingi 150,000 siku hiyo hiyo, na nyumba nzima humwombea dua.

Kupeleka si kosa. Kijana asiyewajali wazazi wake si fahari kwa mtu. Lakini mzazi ajue anachokipokea. Katika mfano uliotolewa, shilingi 150,000 ni chakula cha siku 33. Mtoto hatasema. Atapunguza mlo mmoja, kisha miwili, na matokeo yake yataonekana kwenye karatasi ya mitihani. Kwa hiyo yafaa mzazi na mtoto waketi kabla ya chuo kufunguliwa na kukubaliana kiasi ambacho kijana aweza kutoa bila kudhurika, kama kipo, na mengine yote yasubiri.

7. Wajibu wa chama

Ushirika wenyewe ulizaliwa kwa njia hii ya kidogo kidogo. Wale waasisi 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844, walikuwa watu wa kipato duni. Waliweka peni chache kila wiki hadi kila mmoja akafikisha pauni moja. Chama cha msingi chaweza kutumia kanuni hiyo hiyo kwa elimu ya watoto wa wanachama.

Kwanza, mwanachama aweza kutoa idhini ya maandishi ili akatwe kiasi kwa kila kilo anayouza. Anayeuza kilo 300 na kukatwa shilingi 1,000 kwa kilo, atakuwa na shilingi 300,000 zilizotengwa kabla hajazishika.

Pili, fedha hiyo isitolewe yote kwa mkupuo. Chama cha akiba na mikopo kimlipe mwanafunzi shilingi 30,000 kila mwezi kwa miezi 10 ya masomo. Hivyo kosa la mkupuo huzuiwa nyumbani na chuoni kwa pamoja.

Tatu, katibu afungue daftari la pekee la fedha za elimu, na kila mwanachama asomewe salio lake. Makato bila taarifa huvunja imani, na imani ikivunjika hakuna atakayetoa idhini msimu ujao.

Mzazi aliyejiandaa kwa misimu minne kabla ya mtoto kumaliza sekondari hatauza ng'ombe wa maziwa wala kuweka shamba rehani barua ya chuo itakapofika.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi

1. Kwa nini akiba iandikwe mwanzoni mwa bajeti na si mwishoni?
2. Mwanafunzi amepokea shilingi 450,000 kwa siku 60. Katika mfano wa sehemu ya 3, ni mafungu yapi yapunguzwe, na yapi yasiguswe?
3. Katika chama chenu, fedha ya msimu uliopita ilidumu miezi mingapi nyumbani? Ni nini kilichoimaliza?
4. Ni kiasi gani kwa kilo ambacho wanachama wenu wangeweza kukatwa kwa ajili ya elimu bila kuumia?

Kazi ya kufanya: kila mwanachama mwenye mtoto chuoni amwombe amwandikie bajeti ya awamu yake, kisha ailete katika mkutano ujao, jina likiwa limefichwa, ili kikundi kizima kijifunze.