Upatanisho wa Kisarufi na Usahihishaji wa Ujumbe wa Hewani kwa Akili Unde

Makala hii inanuia kuonyesha kwamba akili unde, inaposahihisha makosa ya ujumbe unaosafiri hewani bila waya, hufanya kazi ambayo mwanafunzi wa mofolojia ya Kiswahili anaifahamu vyema. Itazamwe sentensi hii: "...tabu vile vimepotea." Silabi ya kwanza imemezwa, lakini hakuna msomaji anayebabaika, kwani maneno "vile" na "vimepotea" yanakidai kiambishi vi-. Upatanisho huirudia habari moja mara tatu, na marudio hayo ndiyo kinga.

Wahandisi huiunda kinga hiyo kwa makusudi. Katika msimbo alioutangaza Richard Hamming mwaka 1950, biti 4 za ujumbe huongezewa biti 3 za ukaguzi. Biti moja kati ya hizo 7 ikigeuka njiani, kanuni za ukaguzi huitambua na kuirekebisha.

Akili unde inaingia wapi? Wazo jepesi ni kuikaririsha mashine kila ujumbe unaowezekana. Halifiki mbali: biti 50 pekee zaweza kupangwa kwa njia zaidi ya trilioni 1,000. Mwaka 2016 Eliya Nachmani na wenzake walishika njia nyingine. Waliziacha kanuni za ukaguzi jinsi zilivyo, wakaifunza mashine kupima ushahidi upi usikilizwe zaidi na upi kidogo. Ajabu ni kwamba ujumbe mmoja tu, wa sifuri tupu, uliochafuliwa kwa kelele, ulitosha kwa mafunzo. Kanuni hizo huuchukulia kila ujumbe kwa usawa. Mashine iliyouzoea mmoja huumudu mwingine wowote. Mwalimu wa lugha ataitambua hapa tofauti ya kale kati ya kukariri sentensi na kujua sarufi.

Hata hivyo, sarufi ina mpaka wake. "Mama amepata" na "Mama amepita" zote ni sahihi. Irabu ikipotea, upatanisho hauokoi kitu. Misimbo nayo huweza kuangukia ujumbe halali ambao hakuna aliyeutuma. Ndiyo maana mitandao ya 5G huambatisha biti za ziada, hadi 24, zinazokokotolewa kutokana na ujumbe wenyewe. Zisipolingana, simu huomba ujumbe utumwe upya. Programu inayokisia maneno kwa mazoea ya lugha pekee haina ukaguzi huo. Huchagua neno lililozoeleka, na kosa lake husomeka vizuri kuliko lile la awali. Ujumbe wa zahanati unaosema mgonjwa "asinywe" dawa ukifika ukiwa "anywe", hakuna kiambishi kitakacholalamika.