Unapofunga safari ndefu na watoto wadogo

Shule zinapofungwa mwishoni mwa mwaka, nyumba nyingi za Kariobangi huanza kufunga virago. Wengine huelekea Busia, Siaya na Kakamega, wengine Kwale na Kilifi. Nyanya na babu wanataka kuwaona wajukuu, na mzazi naye ana hamu ya kula Krismasi nyumbani kwao. Ni jambo jema. Lakini Januari ikiingia, sisi madaktari wa mitaa ya Eastlands hupokea watoto wenye joto jingi mwilini, na baadhi yao huletwa wakiwa wamechelewa mno.

Leo, mzazi, tutazame safari hiyo hatua kwa hatua: kabla ya kuondoka, mkiwa njiani, mkiwa huko, na baada ya kurudi. Ukisahau mengine yote, shika hili moja: mtoto aliyezaliwa na kulelewa Nairobi ni mgeni katika nchi ya malaria, hata kama anakwenda kwa nyanya yake mzaa baba.

KWA NINI MTOTO HUYU NI MGENI

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Viini vya malaria vinahitaji joto la kutosha ili vikomae ndani ya mwili wa mbu, na baridi ya huku juu huvichelewesha. Ndiyo sababu mtoto anaweza kufikisha miaka mitano hapa Kariobangi bila kuugua malaria hata mara moja, ijapokuwa mbu wanamuuma kila usiku. Kisumu iko chini zaidi, karibu mita 1,100, na pwani iko usawa wa bahari. Huko joto ni jingi na malaria ipo mwaka mzima.

Watoto wanaokulia sehemu hizo huambukizwa mara kwa mara, na miili yao hujifunza kupambana na viini hivyo kidogo kidogo. Kinga hiyo hununuliwa kwa bei ghali, kwa maana wengi hufa kabla ya kuipata. Haipitishwi kwa ukoo wala kwa kabila. Baba kuwa mzaliwa wa Siaya au Kwale si ngao kwa mwanawe aliyezaliwa Nairobi. Hata baba mwenyewe, akikaa mjini miaka mingi, kinga yake hupungua.

Kwa hiyo usidanganyike na usemi wa kwamba, "Sisi tulikulia huko na hatukufa." Binamu zake wanaweza kuumwa na mbu yule yule, wao wakapata homa ndogo, na wako akapata degedege usiku huo huo.

Chanjo ya malaria ilianza kutolewa nchini Kenya Septemba 2019, katika sehemu za magharibi zenye malaria nyingi. Kwa kuwa mpango huo ulielekezwa kwa sehemu hizo, mtoto wa Nairobi kwa kawaida hakuipata. Hata aliyechanjwa bado anahitaji neti.

KABLA YA KUONDOKA

Wiki mbili au tatu kabla ya safari, mpeleke mtoto kliniki pamoja na kitabu chake cha kliniki. Hakikisha chanjo zake zimekamilika, hasa ya surua, ambayo hutolewa akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Kitabu hicho kifunge safari pamoja nanyi. Akiugua mbali na nyumbani, daktari wa huko ataona uzito wake na chanjo alizopata.

Siku hiyo hiyo muulize daktari kuhusu dawa za kukinga malaria. Dawa hizi hupimwa kwa uzito wa mtoto, na nyingine hazifai watoto wadogo kabisa, kwa hiyo usijinunulie dukani kwa kubahatisha. Wanaohitaji ushauri huo zaidi ni mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu na mama mjamzito. Kwao malaria ni hatari maradufu.

Kisha tayarisha mkoba mdogo, nao usiutupe juu ya basi pamoja na magunia. Ukae nawe kitini. Ndani yake weka:

- Dawa anazotumia mtoto kila siku, kama za pumu, kifafa au selimundu, za kutosha safari nzima na wiki moja zaidi.
- Dawa ya kutuliza joto aina ya paracetamol na kijiko chake cha kupimia.
- Pakiti kadhaa za chumvi ya kuongeza maji mwilini, yaani ORS, na tembe za zinki.
- Maji yaliyochemshwa, sabuni na kitambaa safi.
- Sweta, hata kama mnaenda sehemu za joto. Barabara ya Eldoret hupanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700, na mtoto aliyevalishwa nguo za Kisumu atatetemeka njia nzima.
- Mkebe wenye kifuniko wa kutapikia. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017, na kofia ya baba si chombo cha kazi hiyo.

Neti zilizotiwa dawa ziwe kwenye mzigo mkubwa, pamoja na kamba na misumari michache. Usitegemee kwamba nyanya atakuwa na neti ya ziada. Nyumba ile inapopokea wageni kumi kwa mpigo, neti zilizopo huwa na wenyewe.

MKIWA NJIANI

Nauli hupanda sana wiki ya Krismasi, na mabasi hujazwa. Ukiweza, safiri siku chache kabla ya msongamano, tena mchana. Kutoka Nairobi hadi Kisumu ni kama kilomita 350, na hadi Mombasa ni karibu 480. Dereva aliyekesha barabarani kwa safari tatu mfululizo hana macho ya kumwendesha mwanao usiku.

Mkatie tikiti mtoto aliyepita umri wa kunyonya, akae kwenye kiti chake na kufungwa mkanda. Najua ni gharama. Lakini basi likigonga au likifunga breki ghafla, hakuna mikono ya mama inayoweza kumzuia mtoto aliyepakatwa. Huruka kama mzigo. Kosa jingine ni mama kujifunga mkanda mmoja pamoja na mtoto aliye mapajani. Uzito wa mama humponda mtoto kwenye mkanda. Ikiwa ni lazima umpakate, mfungo wa mkanda uwe wako peke yako, naye umshike, na msikae viti vya mbele karibu na kioo. Kanuni za mwaka 2004, zile zilizoitwa kanuni za Michuki, zililazimisha magari ya abiria kuwa na mikanda. Basi lisilo na mkanda unaofungika, kataa kiti hicho kabla hujalipa.

Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji chochote ila maziwa ya mama, hata katika joto la Mtito Andei. Usimpe maji. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Mkubwa wake apewe maji kidogo kidogo, na chakula mlichobeba wenyewe, kama chapati, viazi vitamu, ndizi na mayai ya kuchemsha yanayoliwa saa za kwanza. Mayai na nyama zilizoshinda kwenye joto la gari hadi jioni ni sumu.

Nakuomba hasa ujihadhari na njugu karanga. Wachuuzi huzileta dirishani kila basi linaposimama, na mtoto wa chini ya miaka mitano hana meno ya kuzisaga. Basi likiruka tuta, njugu huingia kwenye njia ya hewa. Peremende ngumu na punje za mahindi ni vivyo hivyo. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja akisakamwa na kushindwa kulia, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige mgongoni katikati ya mabega mara tano kwa kiganja. Ikishindikana, mgeuze, ubonyeze katikati ya kifua mara tano kwa vidole viwili, kisha urudie. Usichokore kooni kwa kidole bila kuona kitu chenyewe, maana utakisukuma ndani zaidi.

Kutapika kwa sababu ya mwendo wa gari huwapata zaidi watoto wa miaka miwili hadi kumi na miwili. Mpe chakula chepesi saa moja au mbili kabla ya kuondoka, umkalishe mahali pasipo na mtikisiko mwingi, atazame mbele na mbali, na dirisha lifunguliwe kidogo. Asisome wala kuchezea simu. Wala asitoe kichwa au mkono nje.

Kuna wazazi wanaowapa watoto dawa za mafua au za kikohozi ili walale safari nzima. Tafadhali acha. Dawa hizo zinaweza kupunguza pumzi ya mtoto mdogo, na katika giza la basi utadhani amelala tu. Dawa ya promethazine, kwa mfano, haipewi mtoto wa chini ya miaka miwili.

Basi likisimama, shuka na mtoto ukimshika mkono, hata kama anaenda haja ndogo tu. Weka kikaratasi chenye nambari yako ya simu mfukoni mwake. Biskuti na soda za abiria msiyemjua zikataeni kwa heshima. Wapo waliowahi kutiliwa dawa za kulevya humo na kuamka bila mzigo.

MKIWA HUKO

Mbu wanaoeneza malaria huuma kuanzia jioni hadi alfajiri. Saa hizo ndizo watoto wanapoota moto na kusikiliza hadithi uani. Wavalishe suruali ndefu na mikono mirefu jua linapotua, na walale ndani ya neti iliyochomekwa chini ya godoro au mkeka, kila usiku bila kuruka hata mmoja.

Mtoto akiharisha, usiache kumlisha wala kumnyonyesha. Koroga ORS kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Baada ya kila choo chepesi, wa chini ya miaka miwili anywe robo hadi nusu kikombe, aliyezidi hapo nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha uendelee kijiko kimoja kimoja. Zinki apewe kwa siku 10 hadi 14 hata kama tumbo limetulia.

Mtoto akipata joto mwilini huko, apimwe damu siku hiyo hiyo. Usingoje uone. Na usitumie dawa za zamani zilizobaki kabatini. Klorokwini iliondolewa katika tiba ya kawaida ya malaria Kenya mwaka 1998, na Fansidar, iliyochukua nafasi yake, iliachwa mwaka 2004 kwa kuwa viini vilikwisha kuizoea. Dawa ya AL iliyochukua nafasi ya hizo hutolewa mara sita kwa siku tatu, kwa uzito wa mtoto, pamoja na chakula au maziwa. Mtoto akichangamka siku ya pili, bado amalize zote.

BAADA YA KURUDI

Hapa ndipo wengi hupotea. Viini vya malaria hukaa mwilini siku 7 hadi 14, au zaidi, kabla ya homa kuanza. Mtoto aliyeumwa na mbu usiku wa mwisho wa likizo anaweza kurudi mzima, akavaa sare, akaenda shule, kisha akaanza kuugua katikati ya Januari. Mzazi hufikiri ni mafua ya mvua. Wengine hununua dawa za homa ya matumbo. Siku tatu zinapita, nne, na damu ya mtoto inaendelea kuharibiwa.

Kwa muda wa miezi mitatu baada ya safari, homa yoyote ihesabiwe kuwa ya malaria mpaka damu ithibitishe vingine. Ukifika zahanati, usingoje kuulizwa. Sema mara moja: "Tulikuwa Busia, tumerudi tarehe fulani." Mhudumu anayepima watoto wa Nairobi siku nzima huenda asifikirie malaria asipoambiwa. Kipimo cha kwanza kikikosa kuonyesha kitu na homa isiishe, rudi kesho yake upimiwe tena.

Mpeleke hospitali mara moja, hata usiku, ukiona dalili moja kati ya hizi: degedege, kulegea au kulala kusiko kwa kawaida, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, kupumua kwa shida, viganja kuwa vyeupe, au mkojo mweusi. Hapo usianze na duka la dawa.

Safari ya kumwona nyanya isikatizwe kwa hofu. Nunueni neti kabla ya kukata tikiti, na tarehe mliyorudi iandikwe kwenye kalenda ukutani. Safari njema.