Manyoya Hayarudi, Pesa Zinarudi: Ufanye Nini Mteja Asipopenda Mbwa Wake Alivyonyolewa

Ni Ijumaa, saa kumi jioni. Mama Simba amekuja kumchukua mbwa wake, Shih Tzu wa miaka mitatu. Asubuhi alipomleta alisema, "Mpunguze tu, fupi kidogo," akalipa KSh 2,500 kwenye till yako, akakimbia kazini. Sasa anamtazama Simba, halafu anakutazama wewe.

"Sasa hii ni nini mmemfanyia mbwa wangu?"

Mtoto wake, bado yuko ndani ya gari, anauliza huyo ni mbwa wa nani. Mama anatoa simu. "Mimi nataka pesa zangu. Saa hii."

Mfano huu tumeutunga, lakini kama una saluni ya mbwa, au unazunguka nyumba kwa nyumba Kilimani, Karen au Nyali na mashine yako ya kunyolea, unaijua hiyo sauti. Kazi yetu sisi ni malipo. Hatushiki makasi. Lakini magomvi ya aina hii huishia kwenye simu: mteja anataka muamala ubatilishwe, mwenye biashara anarudisha pesa kwa hasira au kwa haraka, na wakati mwingine anazipoteza mara mbili.

Katika somo hili tunataka ubaki na jambo moja. Manyoya yakishakatwa hayarudi, pesa zinarudi. Kwa hivyo elewaneni kuhusu manyoya kabla ya makasi, na muelewane kuhusu pesa kabla hujabonyeza "tuma".

Kwanza mwangalie mbwa, mtindo baadaye

Mteja akilalamika, usianze kwa kujitetea. Maneno "lakini wewe ndiye ulisema" hata yakiwa kweli yanamwaga mafuta motoni. Anza hivi:

"Pole sana, Mama Simba. Naona umeshtuka. Hebu tumwangalie pamoja."

Kusema pole si kukiri kosa. Kwetu tunampa pole hata aliyejikwaa barabarani. Kisha mpandishe mbwa mezani, kwenye mwanga, mmwangalie pamoja kutoka puani hadi mkiani. Unatafuta majibu ya swali moja: hili ni lalamiko la aina gani? Yako manne, na kila moja lina dawa yake.

1. Jeraha. Ngozi imekatwa, imeungua kwa joto la mashine, au kucha imekatwa hadi ikatoa damu. Hapa hatuongei tena juu ya mtindo. Mwambie mteja ukweli, kabla hajagundua mwenyewe. Damu ya kucha husimamishwa palepale kwa unga maalumu wa kukausha damu. Mkato au ngozi iliyoungua apelekwe kwa daktari wa mifugo, na gharama ni yako.

2. Kosa la kazi. Upande mmoja mrefu, mwingine mfupi. Sikio moja limesahauliwa. Mlikubaliana mkia usiguswe, umeguswa. Rekebisha bila malipo, siku hiyohiyo ikiwezekana. Lisiloweza kurekebishwa, rudisha sehemu ya pesa.

3. Manyoya yalikuwa yamesokotana. Kazi ilikuwa sahihi, lakini hapakuwa na njia nyingine ila kunyoa karibu na ngozi. Tutaliangalia hili kwa kirefu.

4. Mtindo ni ule mlioafikiana, ila haukumpendeza. Msikilize, punguza au sawazisha panapowezekana, mweleze manyoya yatakua lini. Kwa mbwa wengi wa manyoya marefu ni takriban sentimita 1 kwa mwezi. Hapa si lazima pesa zirudi, lakini unaweza kumpunguzia bei safari ijayo.

Shida ya Mama Simba ni kwamba hakuna anayejua yeye ni wa kundi la pili au la nne. "Fupi kidogo" ni kiasi gani? Kichwani mwake ilikuwa upana wa kidole gumba. Kichwani mwako ilikuwa kisu namba 7F, ambacho huacha manyoya ya milimita 3 hivi. Wote wawili mlikuwa wakweli, na bado mmegombana.

Dakika tatu za asubuhi

Kwa hiyo dawa ya malalamiko mengi hupatikana mbwa anapoletwa, wala si anapochukuliwa. Kabla mteja hajaondoka, fanya haya:

- Pima kwa vidole au milimita. Achana na "fupi", "wastani" na "kidogo". Kisu namba 10 huacha takriban milimita 1.5, namba 7F huacha milimita 3, namba 4F huacha milimita 9 hivi. Mteja hahitaji kujua namba za visu. Mwonyeshe urefu kwenye kidole chako, au umshikie manyoya ya mbwa mwenyewe: "Tukate hadi hapa?"

- Uliza sehemu nne peke yake: uso, masikio, mkia na miguu. Mwili ukikatwa zaidi watu wengi huvumilia. Uso ukibadilika, ndipo mtoto anauliza huyu ni mbwa wa nani.

- Omba picha. Iwe ya mbwa wake mwenyewe alipokuwa amependeza. Picha ya mbwa wa mtandaoni, mwenye manyoya ya aina nyingine, itakuponza.

- Piga picha ya mbwa alivyokuja, pamoja na kila fundo la manyoya na kila kidonda ulichokikuta. Ukitaka kuziweka kwenye ukurasa wa biashara yako baadaye, omba ruhusa kwanza.

Kisha mtumie ujumbe mmoja wa WhatsApp, na usianze kazi hadi ajibu:

"Habari Mama Simba. Tumekubaliana: mwili tuuache urefu wa milimita 9, uso tuuzungushe kwa makasi bila mashine, masikio na mkia tusiguse. Kuosha na kukausha KSh 1,000, kucha na masikio KSh 300, kunyoa KSh 1,200. Jumla KSh 2,500. Je, ni sawa?"

Tazama jinsi bei ilivyogawanywa. Biashara nyingi hutaja bei moja tu, na siku ya lalamiko mteja anadai yote 2,500 kana kwamba mbwa hakuoshwa. Bei ikiwa na sehemu tatu, nyote mnaona kwamba ugomvi ni wa KSh 1,200. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ujumbe huo ndio daftari lako.

Fundo lililofichika

Sasa kundi la tatu, ambalo huleta vilio vingi. Mbwa wa manyoya ya kujisokota au marefu, kama poodle, Maltese na Shih Tzu, akikaa wiki nyingi bila kuchanwa, manyoya hushikana karibu na ngozi yakawa kama mkeka. Kwa juu anaonekana sawa. Ukipitisha kichana kinakwama nyuma ya masikio, kwapani, na pale mshipi wa shingo unapokaa.

Fundo kubwa halichanwi. Kulivuta ni kumuumiza mbwa. Makasi ni hatari, kwa sababu ngozi huvutwa ndani ya fundo na unaweza kuikata bila kuiona. Njia salama ni mashine ya kisu kifupi ipite chini ya fundo, yaani karibu na ngozi. Matokeo yake ni mbwa aliyenyolewa mno, wakati mwingine mwenye ngozi nyekundu ambayo haijapata hewa kwa muda. Akinyolewa masikio yaliyokuwa na mafundo mazito, anaweza kutikisa kichwa hadi sikio likavimba damu. Mteja asiyejua haya akiona hivyo nyumbani atasema umemharibu.

Kwa hivyo pitisha kichana mteja akiwa bado amesimama hapo. Mwonyeshe kinapokwama. Ukiligundua fundo baadaye, wakati mbwa yuko mezani, simamisha kazi. Piga picha, piga simu:

"Mama Simba, nimekuta manyoya yameshikana nyuma ya masikio na kwapani. Siwezi kuyachana bila kumuumiza. Nikiendelea itabidi ninyoe fupi sana, na muda utaongezeka, kwa hivyo kutakuwa na KSh 500 zaidi. Niendelee, ama uje umchukue?"

Asipopokea, osha, kata kucha, subiri. Saa moja ya kungoja ni rahisi kuliko wiki mbili za kugombana. Na usiongeze hizo KSh 500 kimyakimya anapokuja kulipa. Mteja anaweza kuvumilia mbwa mwenye upara. Bei iliyobadilika mlangoni hasahau.

Hapo hapo tutaje German Shepherd na wenzake wenye manyoya ya tabaka mbili. Januari joto likipanda, mteja atakuambia umnyoe wote apate baridi. Mweleze kwamba tabaka hizo ndizo humkinga na jua, na kwamba zikinyolewa zinaweza kuota bila mpangilio. Mpe njia nyingine: kuosha vizuri na kutoa manyoya ya ndani kwa brashi. Akisisitiza, una haki ya kukataa kazi. Mteja unayemkatalia kwa heshima leo ni lalamiko ambalo halitakuja Machi.

Tumefika kwenye pesa

Tuseme mmemwangalia Simba na mmekubaliana kwamba uso ulikatwa zaidi. Mwambie kiasi, kwa sauti ya kawaida, na sababu yake: "Kuosha na kucha viko sawa. Kwenye kunyoa tumekosea uso, kwa hivyo nakurudishia KSh 600, na wiki sita zijazo nitamsawazisha bure." Ukishasema, fuata hatua hizi:

1. Hakikisha malipo yake yalifika. Angalia kwenye taarifa ya till yako, kwa nambari ya muamala. Usitegemee picha ya ujumbe kwenye simu ya mteja, maana ujumbe bandia upo mwingi.

2. Muulize kama ameshaomba muamala ubatilishwe. Mteja mwenye hasira mara nyingi hufanya hivyo akiwa bado kwenye gari. Kama ombi lipo, msubiri ajibiwe kwanza. Ukituma pesa na ombi likakubaliwa, umelipa mara mbili. Na ikiwa utaulizwa kuhusu muamala huo, jibu mapema ukiwa na ujumbe wa makubaliano na picha. Kubatilisha muamala kumewekwa kwa ajili ya pesa zilizokwenda kimakosa. Aliyelipa till sahihi na kazi ikafanywa hajakosea nambari. Yake ni malalamiko ya huduma, na yanamalizwa kati yenu.

3. Tuma kwa nambari ileile iliyolipa. Ukiambiwa "tuma kwa ya dada yangu", kataa kwa upole. Siku ya ugomvi hutakuwa na ushahidi kwamba mlipaji ndiye aliyerudishiwa.

4. Gharama ya kutuma iwe yako. Kurudisha KSh 600 ikafika pungufu ni kuanzisha ugomvi wa pili.

5. Andika. Mtumie ujumbe: "Nimekurudishia KSh 600 za kunyoa uso, kutoka kwa malipo ya leo ya 2,500. Tumemaliza?" Akijibu ndio, weka jibu hilo pamoja na nambari zote mbili za muamala. Kama ulikuwa umetoa ankara ya eTIMS, toa hati ya kupunguza mauzo hayo, ndipo usilipie ushuru pesa ambazo hukubaki nazo.

Na lile bango la "Pesa zikilipwa hazirudishwi"? Usilitegemee sana. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mteja haki ya huduma ya kiwango kinachofaa na fidia akipata hasara au jeraha kutokana na kasoro. Ipo pia Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012, na Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Mahakama hiyo imefunguliwa kwako pia, ikiwa mteja ametumia huduma akakataa kulipa. Huko, mwenye maandishi na picha ndiye mwenye la kusema.

Lalamiko likija kwa simu au hadharani

Likija usiku kwa WhatsApp, usijibizane. Jibu pole, omba picha mbili zilizopigwa kwenye mwanga wa mchana, panga kumwona mbwa kesho yake. Mbwa aliyelala vibaya baada ya kuoshwa anaweza kuonekana amekatwa mapande, kumbe ni manyoya yamelala upande.

Likiwekwa hadharani, jibu mara moja tu: "Pole kwa yaliyotokea. Tumekupigia simu ili tumwone mbwa na turekebishe." Usitaje hali ya mbwa alivyoletwa, usiweke picha zake, hata kama zinakutetea. Wateja wengine wanaosoma wanajiuliza siku yao ikifika utawaanika vipi.

Hata ukifanya yote haya, wako watakaoondoka. Mtu akishaona mtoto wake analia, KSh 600 haziwezi kumrudishia Simba wa jana. Lakini yule anayerudi baada ya wiki sita, akakuta una picha ya uso ulivyotakiwa na unamuuliza "tukate hadi hapa?", huyo ni wako wa muda mrefu, na atakuletea jirani yake.

Kwa wiki hii, fanya mambo mawili: gawanya bei yako sehemu tatu, na uhifadhi ujumbe wa makubaliano kwenye simu ili kila asubuhi ubadilishe jina la mbwa tu. Na kumbuka, mtu akikupigia akidai ametoka kwetu na anataka PIN ili "akusaidie kurudisha pesa za mteja", kata simu. Sisi hatuombi PIN, hata siku moja.