Mkate Kidogo kwa Safari Ndefu

Andiko la kusoma: 1 Wafalme 19:1–8, Kutoka 16:16–21
Wazo kuu: Upasuaji ni wa siku moja. Kupona ni kwa kila siku, na hakuna anayepona peke yake.



Naanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka jana tulikuwa kwenye ushirika wa nyumbani. Dada yetu mmoja akapakua vijiko vitatu vya ndengu na kipande kidogo cha samaki, basi. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na sufuria, nikamwongezea wali na chapati, nikamwambia, "Dada, kula bwana, mwenyeji atadhani chakula chake ni kibaya." Watu wakacheka. Naye kwa heshima akala. Dakika chache baadaye akatoka nje, akatapika nyuma ya nyumba.

Kesho yake alinipigia simu. "Pasta, sikuwa nimekuambia. Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito wiki saba zilizopita. Niliogopa mtasema sina imani."

Amenikubalia nieleze haya bila kutaja jina lake. Maneno yake ya mwisho yalinichoma, kwa sababu alikuwa sahihi. Kuna wengine wangesema hivyo.

Upasuaji huu ni nini?

Aina mbili ndizo hufanywa sana. Ya kwanza, daktari huondoa karibu robo tatu ya tumbo la chakula au zaidi, hubaki kama mfuko mwembamba mrefu. Ya pili, tumbo hugawanywa, hubaki kifuko kidogo kama yai, kisha huunganishwa na utumbo mbele zaidi. Wengi wanaofanyiwa wana uzito uliopita kiasi pamoja na kisukari, presha, magoti yaliyoumia au kukatika pumzi usingizini. Si urembo, na si njia ya mkato. Anayesema ni njia ya mkato hajaona mtu akimaliza glasi moja ya maji kwa nusu saa.

1. Baada ya ushindi, jangwa

Tazama Eliya. Sura ya 18 yuko juu ya Karmeli, moto umeshuka, mvua imenyesha. Sura ya 19 yuko chini ya mti jangwani, anamwomba Mungu achukue uhai wake. Kati ya ushindi na kukata tamaa palikuwa na muda mfupi tu.

Ndivyo inavyokuwa kwa wengi baada ya upasuaji. Kilo zinashuka, watu wanapongeza, lakini ndani kuna vita. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita nywele zinaweza kuanza kutoka, ingawa kwa kawaida huota tena. Ngozi inalegea. Na chakula, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa mfariji wakati wa huzuni, hakipatikani tena kwa namna ile. Dada yetu aliniambia, "Pasta, walipunguza tumbo, hawakupunguza huzuni."

Sikia mpendwa: Mungu hakumkemea Eliya kwa kuchoka. Alimwacha alale, akamtumia mkate na maji. Kama umefanyiwa upasuaji na roho yako imezama, hujatenda dhambi. Mwambie daktari wako, tafuta mshauri nasaha, zungumza na mchungaji. Usinyamaze.

2. Mkate mmoja, gudulia moja

Malaika hakumletea Eliya karamu. Alimletea kidogo, akala, akalala, akala tena.

Tumbo jipya hufundishwa polepole. Kwanza vinywaji vyepesi na supu iliyochujwa, halafu maziwa na uji mwepesi, kisha vyakula vilivyopondwa, kisha laini kama yai na samaki. Chakula cha kawaida hurudi baada ya wiki sita hadi nane hivi, kulingana na maagizo ya daktari. Ugali, mkate na chapati huwasumbua wengi, maana hukwama. Protini ndizo hutangulia kwenye sahani: mayai, samaki, kuku, maharagwe, maziwa. Wengi huelekezwa kupata gramu 60 hadi 80 kwa siku. Maji hunywewa kidogo kidogo mchana kutwa, si pamoja na chakula, na baada ya kula husubiriwa kama nusu saa. Soda na chai yenye sukari nyingi zinaweza kuleta jasho, moyo kudunda, kizunguzungu na kuharisha.

Kutembea huanza mapema sana, hata siku ile ile, ili damu isigande miguuni. Lakini kubeba mtungi wa maji wa lita 20 kungoje mpaka daktari aruhusu. Akina mama, madaktari hushauri ujauzito usubiri miezi 12 hadi 18. Na usimeze dawa za maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki kabla ya kuuliza, zinaweza kuleta vidonda vya tumbo.

Ukiona homa, moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo, kukosa pumzi, mguu kuvimba, au kutapika kusikokoma, usingoje ibada ya Jumapili ili uombewe. Nenda hospitali leo. Tutakuombea njiani.

3. Mana haikuwekwa akiba

Wana wa Israeli waliokota mana kila asubuhi. Ya jana iliyolazwa iliota mabuu. Neema ya jana haikutosha leo.

Nilisomea biashara chuoni, na nimeona jambo hili madukani. Kufungua duka ni siku moja, na siku hiyo kuna baluni na keki. Kinachofunga duka ni gharama za kila mwezi ambazo mwenyewe hakuziandika. Upasuaji nao uko hivyo. Baada yake kuna vitamini za maisha yote: B12, chuma, kalisi, vitamini D. Kuna vipimo vya damu na kurudi kliniki. Mwenye kisukari au presha hubadilishiwa dozi, asijibadilishie mwenyewe. Na baada ya mwaka mmoja au mmoja na nusu, kilo huacha kushuka, na anayerudia tabia za zamani huanza kuziona zikirudi. Ukipanga bajeti, andika na hayo.

4. Malaika alirudi mara ya pili

Hapa ndipo Neno linatugeukia sisi tunaomzunguka. Mstari wa 7 unasema malaika alikuja tena. Mara moja haikutosha.

Sisi Wakenya tunajua kuchanga bili ya hospitali. Kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa, pesa zinatumwa kwa M-Pesa, tunamshukuru Mungu, kikundi kinafungwa. Nani anauliza kuhusu vitamini za mwezi wa tisa? Nani anamsindikiza kutembea jioni?

Tuache pia maneno haya: "Mbona umekonda hivyo, uko sawa?" "Unaumwa nini?" "Si ungefunga na kuomba tu?" Mungu anayeponya kwa kuwekewa mikono ndiye aliyempa daktari mikono.

Na kuhusu kufunga: tunapoitisha mfungo wa siku 21, mtu huyu asifunge bila maji wala chakula pasipo idhini ya daktari. Anaweza kuacha simu, televisheni, maneno ya kuumiza. Isaya 58 inatuonyesha mfungo wa namna nyingine, na haupungui uzito mbele za Bwana.

Dada yetu bado anakuja ushirika. Siku hizi anapakua vijiko vyake vitatu, na mimi nakaa mbali na sufuria. Mwezi uliopita alitembea kutoka stendi mpaka kanisani bila kusimama. Mara ya mwisho kufanya hivyo hata haikumbuki.

Maswali ya kujadili kwenye ushirika

1. Je, wewe ulishawahi kuzama moyo baada ya Mungu kukushindia jambo kubwa? Nani alikuletea mkate?
2. Ni desturi gani ya mezani kwetu inayoweza kumuumiza aliye mgonjwa au anayepona?
3. Ni nani tulimchangia, kisha tukamsahau? Mpigie simu wiki hii.

Maombi: Baba, asante kwa kuwa huoni aibu kutuletea mkate kidogo jangwani. Watie nguvu wote wanaopona. Utufanye sisi kuwa wale wanaorudi mara ya pili. Katika jina la Yesu, Amina.